Mwongozo kamili: jinsi ya kumtambua koa wa bahari mpaka kwenye familia yake

Kila bamvua ikipita napokea picha. Koa wa bluu mwenye mistari, koa mweusi mwenye vinundu vya njano, koa wa kijani aliyejikunja kama jani la mchicha. Swali ni lilelile: huyu ni nani? Mara nyingi nashindwa kujibu, na si kwa sababu mnyama ni adimu. Picha imepigwa kutoka juu tu, matamvua, yaani viungo vya kupumulia, yameshaingia ndani, na mtumaji ameshampa jina kwa kufananisha rangi na picha aliyoiona mtandaoni.

Rangi ndiyo inayowakwamisha wengi. Makoa wasio na undugu wa karibu huvaa rangi moja, na ndugu wa damu hutofautiana rangi kabisa. Hata umbo lenyewe la koa, yaani konokono aliyeachana na gamba, limetokea mara nyingi katika mageuko ya viumbe, kila mara katika ukoo mwingine. Ukoa si ukoo. Ukiona viumbe wawili laini wasio na gamba wanatambaa kwenye mwamba mmoja, bado hujajua lolote kuhusu undugu wao.

Mwongozo huu unalenga familia, si spishi. Nimeuandika kwa mtu wa pwani yetu, tangu Lamu mpaka Mtwara na visiwani, anayetembea kwa miguu maji yakiwa yamekupwa. Anayepiga mbizi anaweza kuutumia vilevile.

## Vifaa

- Bakuli mbili au tatu nyeupe za plastiki, zenye kina kifupi. Nyeupe kwa sababu koa wengi ni wadogo kuliko punje ya mahindi na hawaonekani kwenye chombo cha rangi.
- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Bila hii utakwama kwenye hatua ya sita.
- Simu yenye kamera. Si lazima iwe ya bei, ilimradi inaweza kupiga kitu cha karibu.
- Kipande cha rula chenye milimita, kilichokatwa kidogo ili kikae ndani ya bakuli.
- Brashi laini ya kupakia rangi na kijiko cha plastiki. Usitumie kibanio cha chuma, kinachana ngozi.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwa maji ya chumvi.
- Viatu vyenye soli ngumu. Wale wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi hawasamehe kandambili.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la bandari iliyo karibu nawe.
- Tochi, kama utakwenda usiku.

Kanuni moja kabla hujatoka nyumbani: ndani ya hifadhi za bahari usihamishe mnyama wala kugeuza jiwe. Huko fanya kila kitu kwa macho na kamera, mnyama akiwa palepale alipo. Nje ya hifadhi pia humchukui nyumbani. Anakaa bakulini dakika chache, anarudi.

## Hatua ya 1: Chagua maji

Usiende maji mafu. Wakati huo maji hayashuki vya kutosha na sehemu nzuri ya mwamba hubaki imefunikwa. Subiri bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, na siku moja mbili zinazofuata. Kwenye bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hukaribia mita 4.

Dar es Salaam na Unguja, bamvua hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na tena karibu saa nne usiku. Zamu ya usiku ndiyo yenye makoa wengi zaidi, kwani wengi wao hujificha mchana. Lakini usiende usiku peke yako, wala usiende usiku mahali usipopajua mchana.

Fika saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa, uyafuate yanavyotoka. Maji yakianza kugeuka, na wewe geuka. Kwenye fukwe zetu nyingi kuna mkondo kati ya ufuo na mwamba wa nje. Maji yakijaa hujaza mkondo huo kwanza, nyuma yako, huku wewe bado umesimama pakavu.

*Umefanikiwa kama:* dakika maji yanapofika chini kabisa umeshafika ukingo wa mwamba na hujalowa zaidi ya magoti.

## Hatua ya 2: Tafuta chakula, usimtafute koa

Hapa ndipo wengi hupoteza asubuhi nzima. Wanatembea wakikodolea macho mwamba wakitarajia koa ajitokeze. Fanya wanavyofanya wachokoa pweza. Wao hawamtafuti pweza, wanatafuta pango lake na maganda aliyoyatupa mlangoni.

Makoa wa bahari ni walaji wanaochagua mno. Ukoo mmoja hula kitu kimoja, pengine spishi moja hula spishi moja tu. Kwa hiyo chakula chenyewe ni nusu ya jibu.

Sponji za bahari, zile zinazopaka mawe kama rangi nyekundu, ya chungwa, ya bluu au nyeusi, ni chakula cha wengi wa doridi, yaani makoa wenye ua la matamvua mgongoni na ndugu zao. Inua jiwe lenye sponji upande wa chini, tazama kwa utulivu, kisha lirudishe jinsi lilivyokuwa. Jiwe lililoachwa kichwachini huua kila kilichokuwa chini yake kwa jua.

Haidroidi, vile vijimti kama manyoya ya ndege vinavyowasha ukivigusa, ni chakula cha aeolidi, makoa waliojaa vidole mgongoni. Kagua shina kwa lenzi. Wengine wa kundi hilo hula matumbawe laini.

Mwani wa kijani wenye mirija, hasa *Caulerpa*, *Halimeda*, *Codium* na *Bryopsis*, ndiyo makao ya sakoglosani, makoa wala mwani. Suuza konzi ndogo ya mwani huo ndani ya bakuli jeupe, subiri dakika kumi, halafu angalia ukingo wa maji. Wataanza kupanda. Kama uko Paje au Jambiani au popote penye mashamba ya mwani, ongea kwanza na kina mama wenye mashamba, na usikanyage kamba zao.

Mchanga wenye nyasi bahari usiudharau. Ukiona mfereji mwembamba mchangani unaoishia kwenye kivimbe, ingiza kijiko taratibu chini ya kivimbe. Mara nyingi ni koa wa kichwa-ngao, ambaye tutamfikia.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kuandika daftarini alikuwa juu ya nini. "Juu ya mwamba" haitoshi. "Juu ya sponji ya bluu, chini ya jiwe" inatosha.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni koa

Karibu robo ya picha ninazoletewa si za koa hata kidogo. Wanaochanganya watu ni wanne.

Minyoo bapa. Hawa hupendeza kama koa na huogelea kwa mawimbi. Ni wembamba kama karatasi, hawana matamvua, na pembe zao ni ukingo wa mbele uliokunjwa tu. Koa ana unene na ana mguu, ule msuli wa chini anaotambalia, unaoweza kuutofautisha na mgongo. Mnyoo bapa hana mguu. Usimguse sana, huraruka.

Jongoo bahari. Huyu ni ndugu wa kiti cha pweza, hana uhusiano na konokono. Mkubwa hachanganyi mtu. Tatizo ni mtoto. Jongoo bahari aitwaye *Pearsonothuria graeffei*, akiwa mchanga, ana rangi nyeupe, nyeusi na bluu pamoja na vinundu vya njano, akimwiga koa wa jenasi *Phyllidia* ambaye samaki humkwepa kwa sumu yake. Mgeuze. Ukiona vijiguu vidogo vingi vya kunyonya, ni jongoo.

Kauri aliyejifunika. Kauri hai hutoa joho lake laini likafunika gamba lote, na mtu akadhani amepata koa. Mguse kwa brashi. Joho likirudi ndani na gamba liking'aa, umepata konokono wa ukoo mwingine kabisa.

Konokono wa gamba la ndani. Kuna konokono wachache ambao joho limefunika gamba moja kwa moja. Hawana ua la matamvua mgongoni wala vidole, na mbele ya joho kuna mkunjo kama mdomo wa birika. Ukikuta hivyo, achana naye, mwongozo huu haumhusu.

*Umefanikiwa kama:* umeona mguu, umeona kichwa, na umejua upande upi ni mbele.

## Hatua ya 4: Picha nne kabla ya kumgusa

Koa akiguswa hufunga. Matamvua huingia, pembe huingia, na kilichobaki ni tone la rangi. Kwa hiyo kamera kwanza, brashi baadaye.

Kama yuko kwenye kidimbwi, mpige hapohapo. Kama amekauka juu ya jiwe, mhamishe kwa kijiko pamoja na maji, umwache bakulini dakika tano bila kumsumbua, kwenye kivuli. Maji ya bakuli yanapata moto haraka kuliko unavyodhani, hivyo yabadilishe.

1. Kutoka juu, mwili mzima, rula ikiwa pembeni.
2. Kichwa, kwa karibu sana, pembe zote mbili zionekane.
3. Ubavu wa kulia.
4. Sehemu ya nyuma ya mgongo.

Kwa nini ubavu wa kulia? Konokono wote wana historia ya kujipinda. Akiwa bado kiluwiluwi, mwili wa konokono hujizungusha nyuzi 180, na mkundu na matamvua hujikuta mbele, juu ya kichwa. Ukoo mkubwa walimo makoa wetu ulianza kujizungusha kurudi, kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Wengi waliishia njiani. Ndiyo maana tundu la uzazi, na kwa wengi matamvua au mkundu, viko kulia. Picha ya ubavu wa kushoto hainiambii chochote, na ndiyo mnayonitumia zaidi.

Onyo ambalo nimelilipia: koa mmoja, bakuli moja. Niliwahi kumweka *Phyllidia* kwenye ndoo pamoja na samaki wadogo na kamba. Nilipogeuka kuandika na kurudi, wote walikuwa wamekufa isipokuwa yeye. Koa wa familia hiyo hutoa sumu ngozini akisumbuliwa, sumu aliyoipata kwenye sponji anazokula.

*Umefanikiwa kama:* kwenye picha ya pili unaweza kuhesabu pembe, na kwenye ya nne unaona kama kuna matamvua au hakuna.

## Hatua ya 5: Matamvua yako wapi?

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii. Jibu swali moja: mnyama huyu anapumulia wapi?

Kuna ua la matamvua mgongoni, karibu na nyuma. Katikati ya ua hilo pana mkundu. Huyu ni doridi. Sasa gusa ua hilo kidogo kwa ncha ya brashi uone linavyofunga.

Likiingia lote ndani ya mfuko mmoja, na mwili ni laini, mrefu kiasi, wa rangi kali, tafuta kwenye familia ya Chromodorididae. Likiingia mfukoni lakini mgongo ni mpana, unakwaruza kama msasa, na rangi yake inafanana na sponji aliyokalia, nenda Discodorididae. Likisinyaa bila kuingia popote, nenda kwa Polyceridae na majirani zao. Na kama kila shina la matamvua limeota peke yake na lina mfuko wake, mwili ni mkubwa na mwekundu na kingo zimekunjwa juu, umempata *Hexabranchus*, yule anayeogelea kama kanga inayopepea. Huyo ukimwona usiku hutamsahau.

Mgumu, ana vinundu, na mgongoni hakuna matamvua. Mara nyingi ni mweusi na bluu ya kijivu, vinundu vikiwa na ncha za njano. Mgeuze taratibu. Ukiona matamvua kama kurasa yamejipanga chini ya joho, pande zote mbili, hiyo ni Phyllidiidae. Huyu naye ni doridi, ila ua la mgongoni amelipoteza. Pia hana radula, ule ulimi wenye meno wa konokono, kwa hiyo kuitafuna sponji hawezi, huinyonya.

Mgongo umejaa vidole. Vidole hivi huitwa serata. Usikimbilie kuandika aeolidi. Koo mbili zisizo karibu zimeota serata kila moja kwa njia yake, na utazitenganisha kwenye hatua ya sita. Kwa aeolidi, ndani ya kila kidole kumepita tawi la utumbo, na kwenye ncha kuna kifuko cha silaha za wizi. Anakula haidroidi, chembe za kuwasha za haidroidi hizo hazimlipukii tumboni, anazisafirisha mpaka nchani na kuzitumia kujilinda. Kwa hiyo usimpapase kwa kidole. Hasa yule mdogo wa bluu na fedha anayeelea chali juu ya maji, *Glaucus*, anayeletwa ufuoni na upepo pamoja na mayavuyavu anayoyala. Anauma kweli.

Tamvua moja, kama unyoya, ubavuni kulia, kati ya joho na mguu. Huyu ni plurobranki. Lazima uinue ukingo wa joho kwa brashi ndipo ulione. Akichukia hutoa tindikali kali ngozini, hivyo nawa kabla ya kushika macho.

Mbawa mbili zimefunika mgongo. Hapa wengi huanguka. Wapo wawili wanaofanana. Mmoja ni aplisia: mnene, mara nyingi kahawia au kijani chafu, ana pembe nne, na chini ya mbawa kuna tamvua na mabaki ya gamba jembamba. Ukimsumbua humwaga wino wa zambarau, rangi inayotokana na mwani mwekundu aliokula. *Dolabella*, ambaye nyuma amekatika kama kisahani cha mteremko, ni wa kundi hilo na ni wa kawaida kwenye nyasi bahari zetu. Mwingine ni *Elysia*: mwembamba, wa kijani, pembe mbili tu, hana matamvua kabisa. Ukijani wake ni kloroplasti alizozinyonya kutoka kwenye mwani na kuzihifadhi zikiwa bado zinafanya kazi.

Kichwa kama jembe, hakuna pembe juu. Huyu ni kichwa-ngao, Cephalaspidea. Anaishi kwa kuchimba, na pembe zingemkwaza mchangani. Wengine wa ukoo huu wana gamba kamili, kama *Bulla* ambaye maganda yake ya mviringo, yenye madoa ya kahawia, mmeyaokota tangu utotoni.

Ngozi ya mkoba, hayumo majini, yuko juu ya mwamba uliokauka au kwenye matope ya mikoko. Tazama macho. Yakiwa kwenye ncha za pembe, ni Onchidiidae, koa anayevuta hewa kama mimi na wewe.

*Umefanikiwa kama:* umeandika sentensi moja inayosema matamvua yako wapi, au kwamba umeyatafuta pande zote na hayapo. Kutoyaona kwenye picha si sawa na kutokuwepo.

## Hatua ya 6: Soma pembe

Pembe mbili za juu ya kichwa zinaitwa rinofori. Ni pua. Kwa hizo ananusa chakula na mwenzi. Chukua lenzi.

Zikiwa na vikunjo vilivyopangana kama kurasa za kitabu, na kwa wengi zikiguswa zinaingia kwenye vishimo, ni doridi.

Zikiwa nzima, zimejaa ndani, laini au zenye pete, na haziingii kwenye vishimo, na mgongo una serata, ni aeolidi.

Zikiwa zimekunjwa kama ile karatasi ya muuza karanga, wazi upande mmoja, basi ni sakoglosani au aplisia. Plurobranki naye anazo za kukunja, lakini zimeungana kwenye shina.

Hapo umemaliza ugomvi wa hatua ya tano. Serata na pembe za karatasi ya karanga: sakoglosani mla mwani. Serata na pembe nzima: aeolidi mla haidroidi. Sasa rudi daftarini uone alikuwa juu ya nini. Chakula na pembe vikipatana, amini. Visipopatana, mtazame tena kabla ya kuniuliza.

## Hatua ya 7: Tafuta mayai

Angalia jirani ya pale ulipomkuta. Kila koa hapa ni dume na jike kwa pamoja, hivyo kila mmoja anaweza kutaga. Utepe uliosimama kwa ukingo na kuzunguka kama ua la waridi ni wa doridi. Kamba nyembamba iliyojikunjakunja, mara nyingi kwenye haidroidi, ni ya aeolidi. Fungu la tambi lililovurugika, kijani au la rangi ya chungwa, ni la aplisia. Usiyabandue.

## Hatua ya 8: Mpande kwenye mti

Hapa ndipo familia inapata maana. Vitabu vingi bado vinawaweka makoa wote wa bahari kwenye kapu moja liitwalo Opisthobranchia. Ukikutana na jina hilo, ujue unasoma mpangilio uliokwisha achwa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha wazi kwamba kapu hilo lilikuwa limechanganya koo mbili na kutenga ndugu.

Mti wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Konokono wote ni ngeli ya Gastropoda. Ndani yake kuna tawi kubwa la Caenogastropoda: kauri, koni, na wengi wa wale wenye magamba mnaowaokota ufuoni. Tawi jingine ni Heterobranchia, na makoa wote wa mwongozo huu wamo humo.

Heterobranchia wetu wanagawanyika pande mbili:

- Nudipleura. Plurobranki, pamoja na nudibranki. Nudibranki ndio doridi na aeolidi na ndugu zao, zaidi ya spishi 3,000.
- Tectipleura. Humu wamo aplisia na vichwa-ngao upande mmoja. Upande wa pili wamo sakoglosani, Onchidiidae, na wengi wa konokono wavuta hewa wa nchi kavu.

Soma tena hilo la mwisho. *Elysia* wa kijani uliyemkuta kwenye mwani ana undugu wa karibu zaidi na yule konokono mkubwa wa shambani, *Lissachatina fulica*, anayetafuna mihogo na mipapai yako baada ya mvua, kuliko na *Chromodoris* aliyekuwa hatua mbili pembeni yake. Mimi jambo hili liliniamsha usiku nilipolielewa, na tangu hapo sijaweza kuwatazama makoa kama kundi moja.

Ushahidi wa kwamba wote walitoka kwa konokono wenye gamba bado unaonekana. Kiluwiluwi wa nudibranki, anayeelea baharini akiwa mdogo kuliko chembe ya chumvi, ana gamba, na hulivua anapotua na kubadilika kuwa koa. Aplisia amelibakiza kama ukucha ndani ya mgongo. *Bulla* bado analo lote. Na kwenye *Caulerpa* kuna sakoglosani wa familia ya Juliidae ambaye gamba lake limekuwa vipande viwili kama la chaza. Ukiusuuza mwani huo ukaona "chaza" wa kijani mwenye pembe mbili anatambaa, hujakosea.

Kwa nini gamba liliachwa mara nyingi hivyo? Gamba ni mzigo. Ukoo ukishapata ulinzi mwingine, kama sumu ya sponji, chembe za kuwasha za wizi, tindikali, au rangi ya kujificha, gamba halina kazi kubwa tena. Kila ukoo ulipata ulinzi wake na kulipunguza kwa njia yake.

*Umefanikiwa kama:* unaweza kueleza kwa nini koa wawili uliowapata leo wako tawi moja au matawi mawili, bila kutaja rangi.

## Hatua ya 9: Andika jina kwa adabu

Jina la jenasi huanza kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo. Baada yake huja jina la aliyeielezea na mwaka. Mfano wa kwetu: *Halgerda wasinensis* Eliot, 1904. Neno la pili limetokana na Wasini, kisiwa cha kusini mwa pwani ya Kenya. Hakuna mabano, maana yake spishi bado iko kwenye jenasi aliyoiweka Eliot.

Linganisha na *Goniobranchus geminus* (Rudman, 1987). Mabano yanakuambia amehamishwa. Alielezwa kama *Chromodoris*, na mwaka 2012 vinasaba vikasababisha jenasi hiyo ipanguliwe, wengi wakapelekwa kwingine. Ndiyo sababu kitabu cha zamani na picha ya juzi vinaweza kutaja majina mawili kwa mnyama mmoja. Kabla ya kuandika jina, lihakiki kwenye orodha ya dunia ya spishi za bahari, WoRMS, ambayo ni bure.

Kama una uhakika wa jenasi tu, andika *Elysia* sp. Kama anafanana na spishi fulani lakini hujaridhika, weka cf. kabla ya jina la spishi. Sp. si aibu. Jina la uongo lililoandikwa kwa kujiamini hunakiliwa na watu kumi, na kulifuta ni kazi ya miaka.

## Kumrudisha, na kadi yako

Mrudishe palepale, juu ya chakula chake, kabla maji hayajajaa. Mimina bakuli polepole ukiwa umelizamisha nusu, usimrushe. Koa aliyewekwa hatua ishirini kutoka kwenye sponji yake anaweza asiifikie tena.

Kisha andika kadi. Mfano wa iliyokamilika:

> Mahali: mwamba wa nje, kidimbwi, maji yakiwa yamekupwa
> Urefu: milimita 28
> Juu ya: mwani wa *Caulerpa*
> Matamvua: yametafutwa mgongoni na pande zote, hayapo
> Mgongo: mbawa mbili, hazina serata
> Pembe: mbili, za karatasi ya karanga
> Mayai: hayakuonekana
> Tawi: Tectipleura, sakoglosani
> Jina: *Elysia* sp.
> Picha: juu, kichwa, kulia, nyuma

Kadi yako ikisomeka namna hiyo, itume pamoja na picha zote nne. Hiyo nitaijibu siku hiyohiyo.